Naombeni ushauri: niendelee na FlashForward au niishie hapa?

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri kwa mlioimaliza FlashForward, tamthilia ya Marekani ya mwaka 2009. Watu duniani kote wanapoteza fahamu kwa dakika 2 na sekunde 17, wanajiona watakavyokuwa siku zijazo, tarehe 29 Aprili 2010, halafu FBI wanamsaka aliyesababisha. Magari yamegongana, ndege zimeanguka, na kangaruu anarukaruka peke yake barabarani Los Angeles. Picha hiyo haijanitoka kichwani hadi leo.

Nimefika sehemu ya 10. Aliyenishika moyo ni Demetri, mpelelezi ambaye hakuona chochote, hivyo anaamini siku hiyo atakuwa ameshakufa. Naumia naye kabisa. Shida ni kwamba nimegundua tamthilia ilikatishwa baada ya msimu mmoja tu, sehemu 22. Nilijaribu kusoma maoni ya watazamaji, lakini wengi wanamwaga kila kitu, nikaacha.

Naomba mnijibu bila kunifichulia: hatima ya Demetri inajulikana kabla ya sehemu ya mwisho? Na riwaya ya Robert J. Sawyer iliyozaa tamthilia hii inafaa kusomwa baada yake, au nianze nayo?