Outlook inakataa nywila sahihi, kisha ninaambiwa sina ruhusa ya kutuma

Karani wa Masijala
Ndugu wataalamu, habari za kazi. Ofisi yetu hutumia barua pepe za Microsoft 365. Wiki iliyopita nilibadilisha nywila kama tulivyoagizwa, kisha kompyuta zikachomolewa mwisho wa juma ili chumba kipakwe rangi. Tangu Jumatatu Outlook, programu tunayosomea barua hizo, inaniomba nywila, naiandika, dirisha linajifunga, na baada ya sekunde chache linarudi. Nikipitia kivinjari ninaonywa kwamba muunganisho si salama, ilhali kwenye simu nywila hiyohiyo inakubaliwa. Mwenzangu aliniazima mashine yake, nikaingia vizuri, lakini nilipojaribu kumjibu mteja kwa anuani ya pamoja ya masijala, ujumbe ulirudi ukidai sina ruhusa ya kutuma kwa anuani hiyo, ingawa barua zake zote ninazisoma. Je, akaunti yangu imefungwa?

Fundi Mstaafu
Haijafungwa, ndugu yangu. Ingefungwa usingeingia kwa mashine ya mwenzako. Hebu tazama tarehe iliyo pembeni chini ya kioo. Onyo la usalama linalotokea kwenye mashine moja tu, tena iliyokaa bila umeme, linanifanya nishuku ile betri ya mviringo kama sarafu iliyo kwenye bodi kuu, ambayo mara nyingi huwa ni CR2032. Ikiisha nguvu, saa hurudi nyuma kwa miaka, na kwa kuwa cheti cha usalama cha seva, yaani hati ambayo kompyuta kuu ya barua hujitambulisha nayo, kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kompyuta inayodhani tuko zamani hukikataa.

Mkazi wa Mjini
Mwombe mtu wa TEHAMA akupe haki za Administrator kwenye hiyo kompyuta, matatizo yote yataisha.

Msimamizi wa Seva
Kwa heshima, mkuu, ushauri huo utamwongezea hatari bila kumsaidia. Haki za Administrator zinahusu kompyuta iliyo mezani, lakini ruhusa ya kutuma kwa anuani ya masijala imeandikwa kwenye seva, ndiyo maana alikataliwa hata kwenye mashine ya mwenzake. Kwa sanduku la pamoja kuna ruhusa mbili zinazotolewa mbalimbali: Full Access humwezesha mtu kufungua na kusoma, na Send As humwezesha kutuma kwa jina la sanduku hilo. Karani, inaonekana ulipewa ya kwanza tu, kosa ambalo sisi wasimamizi hulifanya mara nyingi kuliko tunavyokiri. Iombe hiyo ya pili kwa kuitaja jina, kwa sababu ukisema tu kwamba barua pepe haifanyi kazi utaambiwa uzime na kuwasha.

Kuhusu nywila, ukisharekebisha saa, funga Outlook, ingia Control Panel, fungua Credential Manager, mahali Windows inapohifadhi nywila, ufute kumbukumbu zinazohusu Office na Outlook. Huenda Windows bado inapeleka nywila ya zamani kimyakimya.

Karani wa Masijala
Ahsanteni sana. Kompyuta ilikuwa inaonyesha tarehe 1 Januari 2017, nami nilikuwa nimekaa mbele yake siku tatu bila kuitazama. Nilipoirekebisha kivinjari kilifunguka papo hapo, ila Outlook iliendelea kung'ang'ania hadi nilipofuta kumbukumbu mbili za zamani. Ruhusa ya Send As nimepewa leo mchana, na hata baada ya saa moja nilikuwa bado ninakataliwa.

Msimamizi wa Seva
Kwenye nafasi ya mtumaji, futa ile anuani inayojitokeza yenyewe, kisha uichague upya kutoka orodha ya anuani za ofisi.

Karani wa Masijala
Imekwenda, na mteja amekwishajibu. Kuhusu betri, nimeambiwa nijaze fomu ya bohari. Kwa sasa ninarekebisha saa kila asubuhi kabla ya kufungua Outlook.