Mrejesho: Mashine ya kukata nyasi iliyokuwa inateleza kwenye theluji

Wakuu, nimerudi. Kwa waliosahau: niliuliza kuhusu mashine yangu ya kukata nyasi, ile ya kukalia yenye kikatio mbele. Huku Minnesota majira ya baridi naitoa kikatio naifunga bledi ya kusukuma theluji, ikawa inazungusha matairi palepale kwenye kamwinuko ka kuingilia nyumbani.

Mliosema nifunge minyororo ya chuma kwenye matairi mlipatia. Nilianza na ya bei chee, yenye mistari ya kukatiza tairi iliyoachana mbali. Ikawa inadunda, na kila tairi likikanyaga pale kwenye nafasi, linateleza. Nikanunua yenye mistari ya karibu karibu. Sasa muda wote kuna chuma kinachouma barafu. Ukishaifunga, endesha dakika kumi, shuka, kaza tena. Mimi nilipuuza, ikalegea ikachuna rangi ya fremu.

Aliyeshauri niongeze uzito mbele, samahani mkuu, hapana. Kwenye mashine hizi matairi ya mbele ndiyo yanayoisukuma mashine, na bledi imeshayalemea. Ya nyuma ndiyo yanayokata kona. Ukiinua bledi, nyuma kunakuwa kwepesi: unazungusha usukani, mashine inakwenda mbele tu kama haijakusikia. Mfuko mmoja wa mchanga wa kilo 27, nimeufunga kwa mkanda nyuma kabisa, ukamaliza ubishi.

Iliyobaki ni kwamba minyororo inachora saruji. Mke wangu ameshaiona.