Siko "overstimulated", nimechokozwa! Matatu za Rongai mtatumaliza

Wadau, nimefika nyumbani nikitetemeka, na sitaki mtu aje hapa na ushauri wa chai ya tangawizi.

Nimetoka zamu ya usiku, nikapanda matatu ya Rongai pale kituo cha Railways, Nairobi, saa mbili asubuhi. Spika iko chini ya kiti changu, besi inanigonga uti wa mgongo. Skrini mbele, taa za zambarau zinametameta mchana kweupe, honi nayo wameigeuza wimbo. Kufika Bomas, foleni. Nikamwomba makanga apunguze sauti, kwa upole kabisa. Akaongeza! Kijana aliyeketi kando yangu, tena kwa huruma, akaniambia: "Anti, uko overstimulated tu. Weka pamba masikioni."

Niko, eti. Kama ugonjwa nilioamka nao.

Basi tulichambue hilo neno lake. "Over" ni kuzidi. "Stimulate" Waingereza waliitoa kwenye Kilatini karne ya 16: stimulare, kudunga kwa stimulus, ile fimbo yenye ncha ya kuswagia ng'ombe wa jembe. Sisi tunaiita mchokoo, ndugu yake kuchokoa na kuchokoza. Wasomaji wa Matendo 26:14 wanamkumbuka Sauli akiambiwa ni vigumu kuupiga mateke mchokoo. Biblia ya Kilatini, mstari huo huo, inasema stimulum. Kwa hiyo mkinitafsiria "kusisimuliwa kupita kiasi" mnanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi sikusisimka. Nilidungwa, tena kuanzia mjini hadi Rongai. Na mchokoo haujipeleki wenyewe ubavuni mwa ng'ombe, kuna mkono umeushika. Wa leo ulikuwa unaning'inia mlangoni ukinidai mia.

Hapo ndipo hilo neno linaponiudhi. Kwa Kiingereza unasema "niko overstimulated" na hakuna anayeuliza na nani. Sema "nimechokozwa" uone kama nyumba nzima haitataka jina.

(Wenye kupenda nganya, hizi matatu za madoido na muziki, najua mnakuja. Pendeni, lakini si saa mbili asubuhi chini ya makalio yangu.)

Kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, za 2009 zinakataza kelele kubwa isiyo ya lazima inayomuudhi mtu. Kuna aliyewahi kupeleka malalamiko ya matatu huko akasikizwa? Ulianzia ofisi gani? Namba ya gari ninayo.