Wakuu, naombeni ushauri: desktopu pepe ipi inafaa ofisi ya watu 18?

Mtafuta_Njia: Habari zenu wakuu. Tunahamia klaudi, yaani kila mtu afungue kompyuta yake kupitia intaneti, ikiwa kwenye seva za kampuni nyingine. Nimekwama kati ya Azure Virtual Desktop, Windows 365 na Amazon WorkSpaces, hata usingizi sipati. Kazi zetu ni za kawaida tu. Natanguliza shukrani.

FundiWaya: Windows 365 unalipa kwa kichwa kila mwezi, mtu aifungue asiifungue. WorkSpaces unachagua, kwa mwezi au kwa saa. Azure unalipia mashine zinapowaka, na watu kadhaa wanaweza kutumia moja. Ukisahau kuzizima usiku, bili itakukumbusha. Hiyo "kawaida" ni kazi gani?

MamaKiboko: Sisi bosi aliuza kompyuta zote kabla ya kujaribu. Unabonyeza herufi, unasubiri itokee, huku mnapiga stori. Ndipo nilipompata mume wangu. Klaudi oyee!

Wa_Kale: Mnapenda kukaa kwa watu. Nunua seva yako, funga mlango, ufunguo mfukoni.

FundiWaya: Mleta uzi, hujanijibu.

Mtafuta_Njia: Programu ya uhasibu tu. Leseni yake iko kwenye kidude kama flashi, kimechomekwa nyuma ya seva. Data zote zimo kwenye seva hiyohiyo, nayo tunaiacha ofisini.

FundiWaya: Kumbe! Sasa hicho kidude utakichomeka wapi huko klaudi? Tena mtu kuwa mbali na desktopu yake kunavumilika. Programu kuwa mbali na data zake, hapana. Ukurasa mmoja wa ankara unaweza kuuliza seva mara mia. Muulize mwenye programu kama ana leseni isiyo ya kuchomeka, hamisha programu na data pamoja, kisha wahasibu wawili wafunge nayo hesabu za mwezi mmoja. Usisaini chochote kabla ya hapo.

Mtafuta_Njia: Shemeji anasema itaenda tu. Na kusema kweli nimeshasaini. Windows 365, mwaka mzima, watu 30. Bei ilikuwa nzuri.

MamaKiboko: 30? Si mlikuwa 18?

Kinyonga: Chai hii. Akaunti imefunguliwa leo, bidhaa tatu zimetajwa kwa majina kamili. Huyu ni muuzaji.

Mtafuta_Njia: Tutaajiri! Muuzaji gani anajianika hivi?

Wa_Kale: Chai yenyewe haina hata kitafunwa.

FundiWaya: Tuwekee picha ya hicho kidude, tuone ni cha aina gani.

Mtafuta_Njia: Niko nyumbani. Funguo za chumba cha seva anazo shemeji.

Kinyonga: Huyo shemeji ndiye aliyekuuzia?

Mtafuta_Njia: Ndiyo.