ADAU1701 inasahau kila kitu stima ikipotea

Wadau, bodi yangu ya ADAU1701 (chipu ya kuchakata sauti) inacheza vizuri ikiwa imeunganishwa kwa kompyuta, krosova (mpaka wa kugawa sauti nzito na nyembamba) 2.5 kHz. Stima ikipotea na kurudi, kimya. Twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) nayo inapiga "pwaa" nikiwasha. Shida iko wapi?

— Programu iko kwenye RAM tu, kumbukumbu inayofutika stima ikipotea. Kwenye SigmaStudio (programu ya kompyuta ya kupanga chipu hiyo), bofya kulia juu ya chipu, uiandike kwenye EEPROM, chipu ya kumbukumbu isiyofutika. Pini ya WP (kizuia kuandika) ya EEPROM iende graundi, la sivyo haiandiki na wala haikuambii! Kisha pini ya SELFBOOT ya ADAU1701 iende 3.3V, ili ijisomee programu kutoka EEPROM ikiwaka.

— Hiyo "pwaa" itakuunguzia twita. Iwekee kapasita ya 20 µF kwa mfululizo: kwa omu 8 inakata karibu 1 kHz, mbali na krosova yako. Mtaa wa Luthuli, Nairobi, utaipata; zenye alama ya hasi (zina upande wa + na −), kataa.

— Amplifaya iwashe mwisho, izime kwanza.