Tupeane uzoefu: uliwatambuaje watu 60 wa Return of the Obra Dinn?

Kaka wa Tabata

Wakuu, salaam. Gemu hili nimelimaliza juzi saa nane usiku, na mpaka leo bado linanizunguka kichwani. Nataka kusikia wenzangu mlipitia wapi.

Kwa ambao hawajalicheza: mwaka 1802 meli ya biashara iitwayo Obra Dinn iling'oa nanga London kuelekea Mashariki ya mbali. Baada ya miezi sita haikuonekana Rasi ya Tumaini Jema ilikotarajiwa, ikahesabiwa kuwa imepotea. Oktoba 1807 inaelea yenyewe hadi bandari ya Falmouth, Uingereza, matanga yamechanika, hakuna mtu. Wewe ni mkaguzi wa bima wa East India Company. Unapanda melini na vitu viwili: kitabu chenye orodha ya watu 60 pamoja na michoro ya sura zao, na saa ya mfukoni ya ajabu. Ukiisogeza saa hiyo kwenye maiti, kiza kinatanda, unasikia sekunde za mwisho za marehemu, kisha unajikuta umesimama ndani ya dakika aliyokufa. Kila kitu kimeganda: risasi hewani, maji ya wimbi, mdomo wa mtu anayepiga kelele. Unazunguka, unachungulia, unatoka. Kazi yako ni kuandika kila mmoja alikuwa nani, amekufaje, na aliyemuua ni nani.

Kitabu hakikuambii umekosea wapi. Kinasubiri uwapatie watu watatu sawasawa, ndipo kinawathibitisha kwa pamoja. Mimi nilipofika katikati nikaanza ujanja: wawili nina uhakika nao, wa tatu nabadilisha majina mpaka likubali. Nikapita hivyo kama mara nne. Halafu nikaona sifurahii tena, kwa sababu nilikuwa na majina kitabuni ya watu nisiowajua. Nikafuta kila kitu, nikaanza upya na daftari pembeni. Wiki nzima ilipotea, na sijutii hata siku moja.

Karibuni. Ombi moja tu: msiwamalizie wenzenu uhondo, mwisho wa hadithi tuuache.

Chombo Kipya

Asante kwa uzi, kaka. Mimi nimekwama kwenye 27 tangu Jumapili. Wale waliotajwa majina kwenye mazungumzo nimewamaliza. Waliobaki ni mabaharia wa kawaida, hakuna anayewaita kwa jina. Sitaki jibu. Nataka kujua nyie mlitazama nini.

Binti Nyali

Pole, mdogo wangu, hapo hata mimi nilikaa sana. Kosa langu nikwambie: nilikuwa nacheza usiku mtoto akiwa amelala, sauti nimeizima kabisa, nasoma maandishi tu. Nikajiambia mazungumzo si yameandikwa, sauti ya nini?

Siku moja mamangu akaenda na mtoto kwa dadangu, nikavaa hedifoni, nikarudia kumbukumbu za mwanzo. Nilishtuka. Kila mtu ana lafudhi yake! Orodha ya kitabuni inaonyesha kila mtu na nchi yake: Uingereza, Uskoti, Ireland, India, Uchina, Urusi na kwingineko. Kumbe nilikuwa nimefumba sikio ambalo ndilo lilikuwa linaona. Sisi watu wa pwani hili tunalijua. Mtu akikuuliza njia tu, unajua huyu wa Lamu, huyu wa Mvita, huyu katoka Vanga, na hajataja kwao. Gemu lile lile nililolichukia wiki mbili, usiku ule likanipa watu tisa.

Kwa hivyo rudia zile sauti za gizani kabla picha haijatokea. Usiharakishe kubonyeza.

Mzee wa Fidia

Nimefanya kazi ya kukadiria hasara za bima kwa miaka kumi na tisa, magari na mizigo ya bandarini, na sijawahi kuona gemu linaloheshimu kazi hii hivi. Nililetewa na mwanangu, akijua nitalipenda.

Wachezaji wengi huenda moja kwa moja kwa marehemu. Kwenye ajali mimi humwangalia kwanza aliyesimama pembeni, na humu ni hivyo hivyo. Kumbukumbu ni ya kifo cha mtu mmoja, lakini nyuma yake kuna wengine kumi wanaendelea na kazi zao: mmoja ameshika nyundo, mwingine ana aproni ya jikoni, mwingine anasimama daima karibu na afisa fulani kama kivuli chake. Mtu anayeonekana kando ya afisa yule yule katika vifo vitatu tofauti, unadhani ni nani wake? Serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia, ana msaidizi wake, seremala vivyo hivyo. Meli ni ofisi, kila mtu ana mkubwa wake.

Kijana uliyekwama, angalia namba pia. Watu kwenye orodha wana namba, na namba hizo hazikuwekwa kwa urembo. Tafuta mahali mabaharia wanapolala, kwenye vile vitanda vya turubai vinavyoning'inia. Tazama pia miguu inayotokeza. Sisemi zaidi.

Malalamiko yangu ni moja. Ukitaka kuirudia kumbukumbu, lazima utembee mpaka ilipo maiti, upande ngazi, ushuke ngazi, usubiri. Kwa mtu anayethibitisha jambo dogo kama rangi ya kofia, hilo linachosha. Lakini zile picha za rangi mbili, kama za kompyuta za Macintosh za zamani, nilidhani zitaniumiza macho, na badala yake zilinifundisha kutazama umbo. Mwanangu ananiambia aliyelitengeneza, Lucas Pope, alifanya karibu kila kitu mwenyewe, hadi muziki, likatoka 2018. Muziki ule nausikia bado.

Sengerema 87

Nimesoma yote na nimesita kuandika, ila acha niseme.

Nilikuwa darasa la tatu MV Bukoba ilipozama, Mei 21, 1996. Shangazi yangu, dada wa baba wa kuzaliwa tumbo moja, alikuwa ndani anakuja Mwanza kwetu. Hatukumpata. Jina lake halikuwepo kwenye orodha yoyote ambayo baba alionyeshwa. Ikifika Mei baba huenda makaburi ya Igoma, anasimama, anaomba, anaondoka. Hajui kama dada yake yumo pale au hayumo.

Rafiki aliponipa gemu hili hakujua habari hiyo. Nilifungua kitabu, nikaona ile michoro, sura zote zimefifia mpaka upate ushahidi wa kutosha ndipo zinakuwa wazi. Nilikizima. Nilirudi baada ya mwezi. Watu huacha wakifika hamsini na kitu kwa sababu waliobaki ni mabaharia wa chini wasiosemeshwa na mtu. Mimi ndio niliowang'ang'ania hao. Nilikesha siku tatu kwa ajili ya mmoja, sikukubali kumkisia. Nilipompata niliandika jina lake kwenye daftari langu kwa kalamu, nchi yake na kilichomuua. Nikafanya hivyo kwa wote 60.

Baba nilimsimulia ile saa. Alinyamaza kidogo, akaniuliza inafanya kazi hata kama mwili umekaa majini. Nikamwambia ndani ya gemu kuna waliokufa majini, na unawafikia kupitia kumbukumbu za wenzao waliokuwa karibu. Akasema, "Basi anayetafutwa ni aliyekuwa naye."

Kaka wa Tabata

Pole sana ndugu yangu, na mfikishie mzee salaam zetu. Asante kwa kuandika.

Chombo Kipya

Shikamoo Mzee wa Fidia, na asante dada wa Nyali. Nimerudi kwenye ile kumbukumbu ya watu waliolala, nikapita kitanda kwa kitanda nikiwa na hedifoni na orodha. Namba zipo kweli, zilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Watatu wamethibitishwa saa hii hii, nimefika 30. Nimeanzisha daftari pia, nimeandika majina ya hao watatu kwanza.

Naomba mtu yeyote asiniambie habari za seremala. Huyo namtaka mwenyewe.