Eti nilete barua ya bwana yangu ndiyo nipewe kazi mgodini?

Wandugu wa Lubumbashi, nanyi wa Likasi na Kolwezi, leo nimekasirika na sifichi.

Nina diplome ya jiolojia ya UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Nimeolewa, nina mtoto. Niliweka dosie ya kuomba kazi kwa sosiete moja ya migodi, mtihani nikapita, mahojiano nikapita. Kisha papa wa ofisi ya wafanyakazi ananiambia: "Mama, utuletee barua ya bwana yako, ikuwe na sahihi yake, aseme anakubali ulale kambini mgodini." Wanaume tuliofaulu pamoja, wengine wana bibi na watoto wanne, hakuna aliyeombwa barua ya bibi yake.

Barua hiyo inatoka wapi? Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, kifungu cha 448, ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kufunga mkataba wa kazi yake mwenyewe. Kifungu kilibadilishwa Julai 2016. Sasa kinataka mume na mke wakubaliane, wote wawili. Kama wanakifuata kweli, basi wadai barua pande zote mbili!

Wakaongeza: nikapime mimba. Kazi yenyewe ni kukaa hangarini na kusoma sampuli za mawe, wala si kushuka chini ya ardhi. Kode ya Kazi, yaani sheria ya kazi, ya 2002, kifungu cha 128, inakataza kumtaka mwanamke anayeomba kazi apime mimba, isipokuwa kwa kazi zile ambazo mwenye mimba amekatazwa. Hata kopi ya kode niliwapelekea. Jibu lao: nafasi ya haraka iko jikoni na kwenye usafi, malipo ya siku.

Sidharau usafi. Mama yangu alinisomesha kwa kuuza makala ya kupikia sokoni. Lakini hakunisomesha ili nifagie ofisi ya watu niliowashinda mtihani.

Na kinachoniuma zaidi: pale pale kuna mwanamke mzungu, mjiolojia, analala kambini. Yeye alileta barua ya nani? Kumbe kambi inafaa mwanamke, ila si mwanamke mweusi wa Katuba, mtaa wetu hapa Lubumbashi.

Msije hapa kuniambia wanakinga ndoa za watu. Wale mama wanaoosha madini mtoni, wameinama majini tangu asubuhi, watoto mgongoni, nani aliwahi kuwaomba barua ya bwana? Ndoa zao hazina thamani? Barua inakumbukwa penye kontra na mshahara wa kila mwezi tu.

Bwana yangu alikuwa tayari kuandika, kalamu mkononi. Mimi ndiye niliyemkataza, na ninaendelea kukataa.

Wadada mlioombwa barua hii au kipimo, andikeni hapa: ni kazi gani, na walikuomba kwa maandishi au kwa mdomo? Mimi waliniomba kwa mdomo tu. Na aliyewahi kufika kwa inspekta wa kazi na lalamiko kama hili, aseme alipeleka karatasi gani. Jumatatu ninaenda.